Changizo la Maskini Baharini: Siku kwa Siku kutoka Filipi hadi Yerusalemu

Mwaka wa 57 B.K. hivi, mara tu baada ya siku za mikate isiyotiwa chachu, wajumbe wa makanisa wanavuka bahari na fedha ambazo si zao. Ni changizo la Wakristo wa Makedonia, Akaya na Galatia kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu. Njia yao imeandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 20 na 21, karibu bandari kwa bandari. Habari za fedha zenyewe Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hazigusi mpaka sura ya 24, kwa hiyo safari hii haieleweki bila kuisoma pamoja na nyaraka kwa Wakorintho na Warumi. Luka alipotoa idadi ya siku tumeifuata. Alipoacha tumekadiria kwa umbali. Wayahudi walihesabu siku ya kuanzia na ya kumalizia, hivyo siku moja inaweza kusogea mbele au nyuma.

Kabla ya siku ya kwanza

Sehemu ngumu ya kazi hii ilifanyika nchi kavu, mwaka mzima kabla ya tanga kupandishwa. Mtume Paulo, kiongozi wa safari hii, aliwapa Wakorintho utaratibu ambao mtunza hazina yeyote wa kanisa angeuelewa mara moja. Kila mtu, siku ya kwanza ya juma, aweke akiba kwake kwa kadiri alivyofanikiwa, ili Paulo atakapofika pasiwe na haja ya kuchangisha tena. Kisha wao wenyewe wachague watu wanaowaamini, wapewe barua za kuwatambulisha, wapeleke sadaka. Ikionekana inafaa, naye ataandamana nao.

Kila juma, kwa sababu kibarua wa wakati ule alilipwa kwa siku, dinari moja, na mtu wa ujira wa siku hana fungu la kutoa kwa mkupuo. Dinari ilikuwa na asi 16, sarafu ndogo za shaba. Aliyeweka kando asi 8 kila juma, baada ya majuma 50 alikuwa na dinari 25, na dinari 25 ndizo thamani ya sarafu moja ya dhahabu ya Kirumi. Mwaka mzima wa kujinyima wa mtu mmoja ukaingia katika kipande kisichofika gramu 8. Tukisoma kwamba Wamakedonia walitoa katika umaskini mkubwa, tena wakaomba wasiachwe nje ya neema hiyo, ni vipande kama hivyo tunavyovizungumzia.

Uzito nao una maana yake. Dinari moja ya fedha ilikuwa na gramu tatu na nusu hadi nne, hivyo dinari 1,000 ni karibu kilo nne zinazoning'inia mwilini na kulia kila hatua. Thamani hiyo hiyo kwa dhahabu ni sarafu 40, kama gramu 300, inafichika ndani ya mshipi. Anayevusha mchango mkubwa hubadilisha kabla ya kuondoka na kumlipa mvunja fedha ada yake. Ada hiyo lazima iandikwe. Pengo dogo kati ya kilichokusanywa na kilichofika, hata likiwa na sababu halali, huwa ndilo linalosemwa kuliko mchango wenyewe.

Korintho ndiko mambo yalikokwama. Walikuwa wa kwanza kutaka, mwaka mmoja nyuma, kisha ugomvi kati yao na Paulo ukaizimisha kazi. Hakuwaamuru wala hakuwapangia kiasi. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, akasema wazi kwa nini: asitokee mtu wa kuwalaumu kuhusu kiasi hicho kikubwa, kwa maana mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Hilo la pili ndilo tunaloliruka. Wengi wetu huona kuhesabiwa ni kutoaminiwa. Paulo aliomba ahesabiwe, akiwa mtume, na kabla hajashutumiwa.

Akawaambia pia kwamba shabaha haikuwa kuwastarehesha wengine kwa kuwataabisha wao. Ziada ya hawa ifidie upungufu wa wale, na siku nyingine iwe kinyume chake. Mpokeaji wa leo anabaki mtu anayeweza kutoa kesho.

Mpango wa awali ulikuwa kupanda merikebu ya kwenda Shamu (Siria) moja kwa moja. Kukatokea njama ya kumdhuru Paulo, njia ikabadilishwa: kurudi kwa nchi kavu kupitia Makedonia, mamia ya kilomita zaidi. Walioandamana naye wanatajwa kwa majina na kwao: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, na Tikiko na Trofimo wa Asia, jimbo la Kirumi lililo magharibi mwa Uturuki ya leo. Watu wa miji tofauti, wenye lafudhi tofauti, na kila mmoja ana kanisa litakalomuuliza akirudi.

Wanyang'anyi hawakuwa hatari pekee. Wayahudi wa ughaibuni walikuwa na desturi ya kutuma nusu shekeli ya hekalu kila mwaka, na mwaka 62 K.K. gavana wa Asia, Flaccus, aliikamata. Apamea peke yake zilichukuliwa karibu ratili 100 za Kirumi za dhahabu, zaidi ya kilo 30. Cicero, wakili maarufu wa Roma, ndiye aliyemtetea mahakamani. Fedha za ibada zilizobebwa na watu wasio na mlinzi serikalini zilikuwa na njia nyingi za kupotea, na nyingine zilikuwa na muhuri wa serikali.

Siku ya 1 hadi ya 5: Filipi, Neapoli, Troa

Paulo anaondoka Filipi. Wenzake wametangulia Troa. Luka anaanza tena kuandika "sisi", kwa hiyo mwandishi yumo chomboni. Kushuka hadi bandari ya Neapoli ni kilomita 15 hivi. Miaka kadhaa nyuma bahari hii hii, kutoka upande wa Troa, ilivukwa kwa siku mbili. Safari hii inachukua tano, kwani upepo uliowasukuma zamani sasa unawapinga. Warumi waliifunga bahari tangu Novemba hadi mapema Machi, na majuma ya kwanza baada ya kufunguliwa hayaaminiki. Lengo ni kufika Yerusalemu kabla ya Pentekoste. Siku tatu zimeliwa kabla ya kituo cha kwanza.

Siku ya 5 hadi ya 11: Troa

Siku saba za kukaa. Siku ya kwanza ya juma wanakutana kuumega mkate, siku ile ile ambayo Wakorintho waliambiwa waweke kando chao. Ibada na akiba ya maskini vilipewa siku moja, na hilo si la bahati. Asiyekumbuka Yerusalemu Jumatano atakumbushwa na mkate Jumapili.

Chumba ni cha orofani, ghorofa ya tatu, taa ni nyingi, na Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane kwa kuwa kesho anaondoka. Kijana Eutiko, ameketi dirishani, anazidiwa na usingizi, anaanguka hadi chini, anaokotwa amekufa. Paulo anashuka, anamwangukia, anamkumbatia, anawaambia wasifanye ghasia, maana uzima wake ungali ndani yake. Halafu wanapanda tena, wanakula, wanazungumza hadi alfajiri. Mbele kuna wenye njaa wa kuhudumiwa, na ratiba tayari imechelewa. Bado mtu mmoja aliyeanguka anatosha kusimamisha kila kitu. Kazi za huruma zikikua huanza kukosa dakika ya aina hii, na huo ndio wakati wa kujichunguza.

Siku ya 12: Aso, Mitilene

Wengine wanapanda chombo kuizunguka rasi. Paulo anakwenda kwa miguu, kilomita 30 hivi, baada ya usiku wa kutolala. Wanampakia Aso na jioni wako Mitilene.

Siku ya 13 na ya 14: Kio, Samo

Wanapita mbele ya Kio, kesho yake wanagusa Samo.

Siku ya 15 hadi ya 18: Mileto

Efeso imepitwa kwa makusudi. Paulo alikaa huko kama miaka mitatu, ana marafiki kila mtaa, na mahali penye marafiki wengi hapatoki mtu kwa siku moja. Badala yake anawaita wazee wa kanisa waje Mileto, zaidi ya kilomita 50. Tarishi aende, wazee wajiandae na kufika: siku tatu kwa uchache.

Anayowaambia yanahusu fedha kuliko watu wanavyokumbuka. Hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu. Mikono yake yenyewe ilimlisha yeye na waliokuwa pamoja naye. Kwa kazi ya namna hiyo, anasema, imewapasa kuwasaidia walio dhaifu, na kukumbuka maneno ya Bwana Yesu kwamba kutoa kuna heri kuliko kupokea.

Hapa pana kanuni ya kazi. Mtu anayebeba mfuko wa maskini anaonyesha chakula chake kinatoka wapi, tena anakionyesha kwa watu waliomwona akifanya kazi. Wazee hawa walimjua akishona mahema. Katika kanisa lolote linalotoa misaada, posho ya anayegawa itoke fungu lake, iandikwe mstari wake, iamuliwe na watu wengine wasio yeye. Vikichanganywa, hata mwaminifu hawezi kuthibitisha uaminifu wake.

Siku ya 19 hadi ya 21: Kosi, Rodo, Patara

Wanashuka moja kwa moja hadi Kosi, kesho yake Rodo, kisha Patara. Hapo wanahama chombo. Jahazi la pwani hulala kila usiku bandarini. Merikebu kubwa ya mizigo inayokwenda Foinike inakata bahari kuu, kilomita 600 hivi, usiku na mchana. Siku zilizopotea katika ile njia ya kwanza zinarudi hapa.

Kuhama chombo ndipo mizigo hupotea, zamani na sasa. Watu wengi gatini, wapagazi wanaharakisha, kila mmoja anadhani mwenzake ameshika. Wahesabiwe watu na mifuko kabla ya kushuka, mara moja tena baada ya kupanda, na mwenye kuhesabu asiwe mbebaji.

Siku ya 25 hivi hadi ya 31: Tiro

Kipro kimeonekana upande wa kushoto, kikaachwa. Tiro merikebu inapakua shehena, na abiria wa merikebu ya mizigo hana la kufanya ila kungoja. Wanawatafuta wanafunzi, wanakaa nao siku saba. Wenyeji wanamsihi Paulo asiende Yerusalemu. Siku ya kuondoka wanaume, wake zao na watoto wanatoka nje ya mji, wanapiga magoti pwani, wanaomba.

Siku ya 32: Tolemai

Siku moja na ndugu.

Siku ya 33 na kuendelea: Kaisaria

Nyumba wanamofikia ni ya Filipo mhubiri wa Injili, "mmoja wa wale saba". Luka angeweza kumtambulisha kwa Samaria, au kwa yule Mwethiopia njiani. Amechagua wale saba.

Hao walizaliwa na malalamiko. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likiwagawia wajane kila siku. Idadi ikaongezeka, na wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani wakawa wanasahauliwa. Hakuna anayetajwa kuwa aliiba au alichukia. Kugawa kwa kukumbuka sura za watu hufaa watu wanapokuwa wachache. Wakiwa wengi anayesahauliwa ni yule asiyesema lugha ya mgawaji na asiye na ndugu karibu na meza. Mitume hawakubisha wala hawakuwahubiria wajane uvumilivu. Waliita mkutano wote, wakaweka sifa tatu, yaani kushuhudiwa vema, kujaa Roho, na hekima, wakawaachia watu uchaguzi. Majina yote saba yaliyochaguliwa ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Meza ikakabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa unalia. Sijui kama kuna njia bora zaidi ya kurekebisha mgao hata leo. Wengi wetu tungeunda kamati ya watu wa upande wetu na kuwaahidi wale wengine kwamba watafikiriwa.

Na akiwa bado katika nyumba hiyo, Paulo anapata mgeni kutoka Uyahudi: Agabo. Huyu ndiye aliyesema Antiokia kwamba njaa kubwa inakuja, ikaja siku za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia hawakungoja. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake aliazimu kupeleka, wakawapa wazee kwa mikono ya Barnaba na Sauli, yaani Paulo huyu huyu. Katika njaa ya miaka hiyo Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anaandika kwamba malkia Helena wa Adiabene alinunua nafaka Misri na tini kavu Kipro, akazileta Yerusalemu. Yaani sokoni fedha peke yake haikutosha. Ilibidi chakula kitoke nje kiingie. Anayepeleka fedha mahali pasipo na chakula anapandisha bei tu, na wa kwanza kuumizwa na bei ni yule asiye na kitu. Kuuliza kama soko linauza ndilo swali la kwanza, kabla ya kuuliza fedha ni kiasi gani.

Kwa hiyo chini ya dari moja wako mtu aliyesimamia meza ya wajane, mtu aliyetangaza njaa, na mtu aliyebeba msaada wa kwanza ambaye sasa anabeba wa pili. Agabo anauchukua mshipi wa Paulo, anajifunga mikono na miguu: mwenye mshipi huu atafungwa hivi. Kila mtu, Luka naye, anamsihi asipande. Fedha zingeweza kupelekwa na wajumbe bila yeye. Anakataa, nao wanaacha, wakisema mapenzi ya Bwana yatendeke.

Njiani kupanda, siku ya 40 na kitu

Kilomita 100 hivi kutoka pwani hadi mlimani. Ndugu wa Kaisaria wanafuatana nao mpaka kwa Mnasoni wa Kipro, mwanafunzi wa siku nyingi, watakakolala. Mipango ya malazi ilifanywa mapema, na si jambo dogo: kundi la watu wa Mataifa, karibu na sikukuu, katika mji uliofurika, linahitaji mwenyeji asiyeogopa majirani.

Yerusalemu

Ndugu wanawapokea kwa furaha. Kesho yake wanaingia kwa Yakobo, na wazee wote wapo.

Paulo alikuwa amewaomba Warumi wamwombee mambo mawili: aokolewe na wasioamini, na huduma yake kwa Yerusalemu ikubalike kwa watakatifu. Ombi la pili linawashangaza wasomaji wengi. Nani mwenye njaa atakataa? Anaweza, ikiwa kupokea ni kukiri jambo. Kuishika sadaka ya watu wasiotahiriwa mbele ya macho ya mji kulikuwa kukiri kwamba ni ndugu. Msaada wowote unabeba ujumbe juu ya mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji ndiye anayeishi na majirani baada ya watoaji kuondoka. Aulizwe mapema: upitie kwa nani, ukabidhiwe wapi, mbele ya nani.

Wazee wana sharti lao. Kuna watu wanne wenye nadhiri. Paulo ajitakase pamoja nao na awalipie gharama. Sheria katika Hesabu sura ya 6 inataja kwa kila mnadhiri mwana-kondoo dume wa mwaka mmoja, mwana-kondoo jike wa mwaka mmoja, kondoo dume mmoja, kikapu cha mikate isiyotiwa chachu, pamoja na sadaka za unga na za kinywaji. Kwa watu wanne ni wanyama 12. Anakubali bila kubishana. Aliyefika na msaada anatumia tena, kwa namna waliyoichagua wenyeji, ili imani yao isivunjike.

Siku saba za utakaso zikikaribia kwisha, Wayahudi wa Asia wanamwona hekaluni na kupiga kelele kwamba ameingiza Wayunani. Walikuwa wamemwona mjini akiwa na Trofimo Mwefeso, wakadhania. Dhana hiyo ilitosha kuua: jiwe lililopatikana Yerusalemu mwaka 1871 linamwonya mgeni yeyote atakayevuka kizuizi cha hekalu kwamba kifo chake kitakuwa juu yake mwenyewe. Trofimo alikuwa mmoja wa wajumbe. Uwazi ule ule uliolinda fedha, yaani kutembea na mashahidi wa miji yao, ndio uliompa adui kisingizio. Sidhani kama Paulo angemwacha Trofimo nyumbani. Fedha peke yake ingefika kimya na maskini wangekula, lakini Yerusalemu isingewaona watu waliowapenda.

Baada ya hapo

Paulo anakamatwa, kisha anarudishwa Kaisaria usiku, chini ya ulinzi wa askari. Mbele ya liwali Feliki anaieleza safari yote kwa sentensi moja: baada ya miaka mingi alikuja kuwaletea watu wa taifa lake sadaka. Feliki analisikia hilo vizuri. Luka anaandika kwamba alitumaini kupewa fedha na Paulo, kwa hiyo akawa akimwita mara kwa mara kuzungumza naye. Miaka miwili inapita hivyo. Feliki anaondoka, Porkio Festo anashika nafasi yake, na mfungwa yuko pale pale. Amri iliyompunguzia makali ilikuwa moja: akida asimkataze mtu yeyote wa kwake kumhudumia. Merikebu ilipowekwa tayari kumpeleka Italia, Aristarko wa Thesalonike alipanda pamoja naye.